Mafunzo ya kuandaa timu ya misheni: nyota nne, na kwanini sio tano

Nianze na jibu manake najua wengi mnatafuta hilo tu: yafanyeni. Kama kanisa lenu linatuma timu ya misheni na mnaweza kupata wikendi kadhaa za kukaa pamoja kabla ya kuondoka, nendeni, na nendeni timu nzima, sio wawili watatu wakawahadithie wengine. Nimewapa nyota nne kati ya tano. Jina la watoa mafunzo siliweki hapa kwa sababu mafunzo ya namna hii yanatolewa na huduma nyingi na masomo yao yanafanana sana, kwahiyo ninayoyasema yatakusaidia kupima hata hayo mtakayoyapata nyie, na pia kuna sehemu nitawakosoa na sitaki kumharibia mtu kazi ya Mungu.

Kwa asiyejua, haya sio mafunzo ya kuhubiri. Hayafundishi kushuhudia nyumba kwa nyumba wala kuandaa mkutano wala kufundisha watoto. Mada ni moja: utaishije na utatumikaje na watu ambao hawaoni mambo kama unavyoyaona wewe, wale mnaolala nao chumba kimoja na wale wenyeji mnaowaendea. Kuna kitabu cha mazoezi, kuna vipindi vya ana kwa ana vyenye maigizo na majadiliano, afu kuna mkufunzi mnayeweza kumpigia simu mkiwa kule, na mkirudi mnakaa nae kikao. Mimi niliyapitia kama memba wa kawaida, sio kiongozi, na tumeshatumika tukarudi, kwahiyo naandika nikiwa nimeyaona yakifanya kazi uwanjani.

Watu wengi wanadhani kinachovunja timu za misheni ni dhambi kubwa kubwa. Kiukweli mara nyingi ni vitu vidogo, nani ameamka saa ngapi, nani anaomba kwa sauti wakati mwenzie anataka kuomba kimya, nani kajibu kwa mkato, nani anajitenga jioni. Na kwa sababu wote wameokoka na wote wamefunga na kuomba kabla ya safari, kila mmoja anaamini analoliona yeye ndilo analoliona Mungu. Mtu akishayavika maoni yake jina la Roho Mtakatifu hakuna tena wa kumuuliza, na hapo ndipo upendo unapoanza kupoa kimyakimya huku watu bado wanaimba pamoja asubuhi. Haya mafunzo yanaingia hapohapo, na nawashukuru kwa kutoogopa kuingia.

Kipindi cha kwanza kilinikamata. Tunakaa wawili wawili, mmoja anapewa wimbo wa kuabudu ambao kila mtu anaujua, anaugonga kwa vidole mezani bila kuimba, mwenzake akisie ni upi. Kabla ya kugonga unaulizwa, unadhani ataupata? Karibu wagongaji wote walisema ataupata, wimbo wenyewe si unajulikana. Wakagonga, na waliopata walikuwa wachache mno. Mkufunzi akatueleza kwamba zoezi limetoka kwenye utafiti wa Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1990, ambapo wagongaji walikadiria nusu ya nyimbo zitatambuliwa, kumbe kati ya nyimbo 120 zilizogongwa zilitambuliwa 3 tu. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, maneno yapo, kinanda kipo, kiitikio kipo, wakati mwenzie anasikia ko ko ko basi. Toka siku hiyo kila kiongozi wetu alipotangaza kitu kwa kifupi, mtu alikuwa anagonga meza kidogo na kiongozi anaelewa kwamba hapo hajaeleweka, anarudia vizuri. Hakuna aliyeona ni dharau kwa sababu wote tulikuwa kwenye lile zoezi, na ndio maana nasisitiza kiongozi awepo darasani kuanzia mwanzo.

Ila kilichonifanya niyaheshimu zaidi ni kwamba hawakuishia kwenye ile kauli ya "jiweke kwenye nafasi ya mwenzako" ambayo tumeisikia kwenye semina zote. Walisema wazi kwamba kujiweka kichwani peke yake hakutoshi na kunaweza kukudanganya. Mwaka 2018 watafiti Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walichapisha matokeo ya majaribio 25 na wakakuta kwamba mtu akijitahidi kufikiria upande wa mwenzake haimfanyi akisie kwa usahihi zaidi kile mwenzake anachowaza au kuhisi, kinachosaidia ni kuongea na mwenyewe akwambie. Yaani ukikaa kitandani unamfikiria dada fulani kwanini amenuna, hata ukimfikiria kwa upendo, bado unamfikiria dada uliyemtengeneza mwenyewe. Yule wa kweli yupo chumba cha pili na ana mdomo. Paulo anapowaandikia Wafilipi sura ya 2 kwamba kila mtu aangalie mambo ya wengine, mimi nimekuja kuliona hilo neno "aangalie" kama kazi ya kwenda na kukaa na mtu, sio kazi ya kuwaza.

Kwahiyo moyo wa mafunzo yote ni zoezi moja ambalo wanalirudia mpaka linaingia kwenye damu. Mwenzako anasema lake mpaka amalize. Wewe unamrudishia kwa maneno yako kile ulichosikia, na huruhusiwi kusema la kwako mpaka yeye mwenyewe aseme "ndiyo, hapo umenielewa". Kama hajasema, unajaribu tena. Ukilisoma hivi linaonekana la kitoto, darasani pia kuna waliolichukulia poa, lakini subiri likufikie siku umekasirika.

Kwenye timu yetu kulikuwa na kaka mkalimani. Katikati ya safari akaanza kukosa ibada za jioni, anasema anapumzika, na maneno yakaanza, mara amepoa kiroho, mara anajiona wa muhimu kwa sababu bila yeye hatuwezi kuongea na watu. Kiongozi hakumwita kumkemea. Akaomba dada mmoja ambaye alikuwa amekwazika nae zaidi wakae, sisi wengine tukiwepo, na zoezi lifanyike. Kaka akaongea. Dada akarudisha, "Unasema umechoka." Kaka akasema, "Hapana dada, sijasema nimechoka." Akajaribu tena, "Unasema kazi tuliyokupa ni nyingi." Kaka akatikisa kichwa. Akasema, "Dada yangu, nyie mkimaliza kuongea mnapumzika, mimi nikimaliza kuongea ya kwenu naanza kuongea ya kwao. Hata tukiwa tumekaa tu mtu ananiita niulizie hiki, niwaambie kile. Na mkisema jambo likawaudhi wenyeji, sura wanayoiangalia wakati linatamkwa ni ya kwangu." Dada alikaa kimya muda. Afu akasema, "Unasema siku nzima wewe ni sauti ya watu wengine, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza wewe mwenyewe unaonaje." Kaka akainama akasema ndiyo. Hapo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa.

Na baada ya hapo vitu vikabadilika kwa vitendo, ndio kitu ninachokipima mimi kwenye mafunzo yoyote. Wahubiri walianza kumpa pointi zao usiku wa kabla ili azisome, sentensi zikawa fupi, muda wa mapumziko ikawa ni marufuku kumwita, na kabla ya kwenda popote aliulizwa yeye kwanza kama jambo tunalotaka kusema litapokelewaje. Mara kadhaa alitushauri tuliache na tukaliacha. Ibada za jioni alirudi mwenyewe.

Somo lingine ambalo nalipenda ni la Matendo 15, Paulo na Barnaba walipotofautiana kama waende tena na Marko. Wanagawa darasa pande mbili, upande mmoja unamtetea Paulo, Marko aliwaacha kule Pamfilia, kazi ni ngumu, hatuwezi kwenda na mtu wa kukimbia. Upande mwingine unamtetea Barnaba, kijana apewe nafasi tena. Mkishachacharika vya kutosha mnabadilishana, aliyekuwa wa Paulo anamtetea Barnaba kwa nguvu ileile. Utaona watu wanavyopata shida! Afu mkufunzi anawarudisha kwenye maandiko yenyewe, Matendo 13 inasema tu kwamba Yohana (ndiye huyo Marko) aliwaacha akarudi Yerusalemu, haisemi kwanini. Sababu zote tulizozitoa darasani, uoga, kukumbuka nyumbani, ugonjwa, tulizileta wenyewe. Halafu Wakolosai 4 inatuambia Marko alikuwa ndugu yake Barnaba, hapo tena picha inabadilika kidogo. Na mwisho 2 Timotheo 4 Paulo huyohuyo anaomba aletewe Marko kwa kuwa anamfaa kwa huduma. Nilipenda kwamba hawakulazimisha tuamue nani alikuwa sahihi, Luka mwenyewe aliyeandika Matendo hajaamua.

Walipita pia kwenye Yoshua 22, ile madhabahu ya Yordani. Makabila ya ng'ambo wamejenga madhabahu, Waisraeli wengine wakakusanyika Shilo tayari kwa vita, ila kabla ya kupigana wakamtuma Finehasi mwana wa kuhani na wakuu kumi. Kumbe wenzao walijenga wakiogopa kwamba siku za mbele watoto wa upande wa pili watawaambia watoto wao hamna sehemu kwa BWANA. Somo wamelipitia haraka mno na hapa ningetamani wakae zaidi, maana ukisoma vizuri Finehasi hakwenda na swali, alikwenda na mashtaka tayari. Lililookoa ni kwamba aliwaacha wajibu mpaka mwisho, na akakubali kubadilika. Na tena waliwaambia kama nchi yenu ni najisi vukeni mje mkae kwetu, yaani waliweka ardhi yao mezani. Hiyo ni zaidi ya kusikiliza.

Kitu ambacho tulikichukua moja kwa moja ni kikao cha Jumamosi. Walitusimulia habari za Serampore kule India, wamisionari William Carey, Joshua Marshman na William Ward na familia zao walioanza kuishi pamoja mwaka 1800 na mfuko mmoja wa fedha. Ward aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba Jumamosi jioni walikuwa wameitenga kwa ajili ya kumaliza tofauti zao na kuahidiana kupendana. Tofauti iwepo isiwepo, jioni hiyo ipo. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayetakiwa kupata ujasiri wa kuitisha kikao, kikao kipo kwenye ratiba tayari kama chandarua kilichofungwa kabla mbu hawajaja, na aliyekwazika hahitaji kusubiri mpaka lichemke. Sisi tulikiweka na kilitusaidia sana kwa wale wapole ambao wasingesema kitu mpaka tunarudi nyumbani.

Ila mkufunzi alisimulia nusu nzuri tu. Wamisionari vijana waliofuata baadaye hawakuelewana na wale wazee watatu, wakajitenga Calcutta, na mwaka 1827 Serampore yenyewe ikatengana na shirika lao la Uingereza, na chanzo kikubwa kilikuwa nani mwenye mamlaka na mali ni za nani. Hili ndilo timu inahitaji kulisikia. Watu waliozoea kumaliza tofauti zao wenyewe kwa wenyewe bado walishindwa na wale waliokuja kuwakuta, na wale waliokuwa mbali wakiwaangalia kwa barua. Kuelewana ndani sio dhamana ya kuelewana na wa nje.

Sasa nyota niliyoizuia. Kwenye kitabu kuna sehemu inahusu wenyeji, na zoezi lake linasema kaa kimya, fikiria wewe ni mwenyeji anayepokea timu, andika unavyojisikia. Jamani. Baada ya kutufundisha vipindi vyote kwamba usimfikirie mtu, muulize, wakifika kwa wenyeji ambao ndio sababu ya safari yote wanatuambia tufikirie! Tuliandika kurasa nzuri sana, kwamba wenyeji wanafurahi, wana shauku, labda wana wasiwasi kidogo. Hakuna hata mmoja darasani aliyekaribia ukweli tuliokuja kuusikia.

Ukweli wenyewe aliusema mama mchungaji wa kule, na aliusema kwa sababu kaka mkalimani (kwa ile nafasi aliyopewa) alitushauri twende kwake tukiwa wachache, bila ratiba mkononi, tumuulize halafu tunyamaze. Mwanzoni alisema kila kitu kizuri wanangu, Mungu awabariki. Tukabaki tumekaa. Taratibu akaanza kueleza kwamba kila kikundi chetu kilikuwa kinachagua nyumba za kutembelea chenyewe, kwahiyo kuna nyumba zimefikiwa na watu tofauti mara nyingi na nyingine hazijafikiwa kabisa. Kuna mzee amekata shauri kuokoka siku ya kwanza, afu kikaja kikundi kingine akaongozwa sala tena, na kingine tena, kwa sababu aliona ni aibu kuwakatalia wageni waliotoka mbali, na sisi kila kikundi kilimwandika kwenye ripoti kama nafsi mpya. Na kwamba vijana wa kanisa wanaofuatana nasi kila siku wameacha kazi zao kwa ajili yetu na hakuna aliyewauliza kama wanaweza. Akasema, "Wanangu, tunawapenda, ndio maana tulikuwa tunanyamaza."

Lile neno la mama ndilo lingetakiwa liwe kwenye kitabu. Mwenyeji hayuko kwenye nafasi sawa na wewe ya kusema, wewe ndiye uliyekuja na vifaa na ahadi na ripoti ya kupeleka kwa waliokutuma, na yeye akikwambia hapana anaogopa kwamba hamtarudi. Unaweza kumfanyia lile zoezi la kurudisha maneno mpaka kesho, kama hana uhuru atakurudishia "ndiyo umenielewa" kwa adabu. Kanisa la kwanza walilijua hili. Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, mitume hawakuishia kuwasikiliza na kuwapa pole, walisema chagueni watu saba, na majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, kuanzia Stefano na Filipo mpaka Nikolao wa Antiokia. Mimi nalisoma hivi, waliolalamika ndio waliokabidhiwa kazi yenyewe. Tulipomkabidhi mama mchungaji na wazee wa kanisa orodha ya nyumba wapange wao nani aende wapi na lini, kazi ilikuwa chache zaidi na yenye matunda zaidi, na ripoti yetu ikawa ndogo ila ya kweli. Kuna wenzetu iliwauma kupunguza zile namba, na nawaelewa, waliahidi watu nyumbani.

Lingine dogo ni lile dodoso la tabia wanalolifanya mwanzoni, unajaza maswali unaambiwa wewe ni mtu wa aina fulani. Sio baya lakini lilianza kutumika vibaya haraka, mtu akinyamaza anaambiwa "wewe si aina ile ya wakimya", basi, hakuna anayeuliza tena kwanini leo amenyamaza. Kama mtayafanya haya mafunzo ombeni hilo dodoso liwekwe mwishoni au liachwe. Kikao cha baada ya kurudi nacho ni kifupi kupita kiasi, watu ndio kwanza wanaanza kusema mkufunzi anafunga kwa maombi.

Wakufunzi wenyewe ni wazuri, wasikivu, wameshatumika misheni na inaonekana. Yule wa simu alikuwa anapokea hata usiku na hakuwa anatoa majibu, anauliza "mmemuuliza mwenyewe?" mpaka tukawa tunajiuliza kabla ya kumpigia.

Kwa hiyo kabla hamjalipia mahali popote ulizeni mambo haya: kiongozi wetu atakaa darasani kama memba au atakuja kufungua na kufunga tu? Kuna kikao cha kusuluhishana kilichowekwa kwenye ratiba ya safari au ni mpaka litokee jambo? Na wenyeji wanaingia wapi kwenye mafunzo? Kama jibu la hilo la mwisho ni kurasa za kitabu, pigeni simu wenyewe kwa mchungaji wa kule mapema, na ulizeni nani mwingine huko anafaa kusikilizwa, kina mama na vijana hasa, maana mchungaji nae anaona kwa upande wake.

Tumewaandikia watoa mafunzo kuhusu hili na wamelipokea vizuri, wamesema kwa timu ijayo ya kwetu mama mchungaji atakuwa kwenye vipindi kwa simu kuanzia wikendi ya kwanza, akiwa na nafasi ya kufundisha na sio kuhojiwa tu. Nikiona limefanyika nitarudi hapa kubadilisha nyota.